Vigoda Viwili vya Semeni

Mjini Muheza alikuwapo tajiri mmoja, Bwana Shemdoe, aliyeagiza kutoka ng'ambo sanduku la vifaa vya useremala vya bei ghali, ilhali maishani mwake hakuwahi kupigilia hata msumari. Siku moja alimkuta fundi Semeni sokoni akipiga randa mbao.

"Milango ya nyumba yangu hutaigusa kwa takataka hizo za bei chee," akasema.

"Basi niazime vyako, mzee," Semeni akajibu kwa unyenyekevu. "Nitachonga vigoda viwili. Ukinionyesha kilichochongwa kwa vifaa vyako, nafunga karakana. Ukikosea, milango nitengeneze mimi, na sanduku liwe langu."

Shemdoe alicheka hadi kitambi kikatikisika, akakubali mbele ya soko zima.

Baada ya wiki akaletewa vigoda, pamoja na sanduku lake, palepale sokoni. Akavipapasa, akavinusa, akakalia kimoja baada ya kingine. Mwishowe akakikumbatia cha kushoto.

"Hiki! Ulaini huu haudanganyi."

"Umekosea, mzee."

"Basi ni hicho kingine!"

"Nacho sicho." Semeni akafungua sanduku. Vifaa vyote vilikuwa bado vimefungwa karatasi za dukani.

Soko likaangua kicheko. Shemdoe akalishika sanduku.

"Kama vyako vinatosha, vyangu unavitakia nini?"

Semeni akamwonyesha msumeno uliobaki kibogoyo na randa iliyopasuka katikati.

"Vigoda viwili tu, na vifaa vyangu vimekata roho. Vitu vya bei chee havidumu, mzee wangu."