Baragumu la Nokoa

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni kwanza. Na wewe shemeji pale mlangoni, tafuta mkeka ukae. Ngano hii haisikilizwi kwa kusimama, na sababu mtaijua.

Bismillahi. Ilikuwa kale, siku ambazo mtu aliitwa mali ya mtu. Palikuwa na kijiji kimefichwa nyuma ya mawe na miiba, kijiji cha watoro. Wote walikimbia shamba kubwa la miwa kando ya mto. Huko shambani kila alfajiri baragumu lililia. Puuu! Puuu! Likilia mara mbili, watumwa wote wima. Aliyechelewa, mgongo wake ulijibu. Puuu! Puuu! Wima. Mwaka hadi mwaka. Wima.

Mkubwa wa kijiji alikuwa mwanamke, Bibi Nalunde. Mfupi, jicho moja halioni, mikono imechanwachanwa na majani ya miwa. Sheria yake ilikuwa moja. Baragumu likilia, kaa. Unatwanga? Acha mchi, kaa. Unakimbia mvua? Kaa. Alikuwa na pembe ya tandala, akiipuliza bila kumwonya mtu. Puuu! Puuu! Kijiji kizima, pu! Chini. Watu wazima wamekaa kwenye tope. Mmoja alikalia chungu cha mkewe, wakanuniana wiki nzima.

"Bibi, mpaka lini?" waliuliza.

"Mpaka miguu isahau."

Basi akaja mgeni, mwanamke, nyayo zimepasuka, mtoto wa kike mgongoni. Jina lake Sikitu. Ndilo alilopewa na bwana wake, yaani huyu si kitu. Na kwa sheria ya shamba, mtoto wa mtumwa naye ni mtumwa. Ndiyo maana alikimbia.

Bibi akapuliza. Puuu! Puuu! Kijiji chini. Sikitu wima.

"Dada, umekalia siafu?" akauliza mama mmoja. Watu wakacheka.

Sikitu akalia. "Si mimi, jamani. Ni miguu. Naiambia kaa, haisikii."

Bibi Nalunde hakucheka. "Kesho tena."

Kesho, wima. Kesho kutwa, wima. Siku ya tano, wima. Siku ya sita akawa anatetemeka hata kabla pembe haijalia. Chakula hakishuki. Maziwa yakapungua, mtoto akalia.

"Bibi, watu wa shamba wakija na baragumu lao nitawaponza nyote. Niacheni niende zangu."

"Uende wapi na mtoto? Kula."

Siku ya saba, jua limeshapanda, mbwa wakabweka. Watu walikuwa wamekaa uwanjani wanachambua kunde, nyungo mapajani. Wakaona kofia ngumu inapita kwenye miiba. Alikuwa afisa wa serikali ya wageni, na askari wawili. Mbele yao Farjala, nokoa wa shamba, ndiye mnyapara wa watumwa. Kanzu safi, baragumu kiunoni. Wengi pale uwanjani walikuwa na alama za kiboko chake.

Afisa akasema, "Nokoa anadai hapa kuna watoro wa bwana wake. Sheria inasema mtoro arudishwe. Lakini bila ushahidi sichukui mtu. Nokoa, wewe mwenyewe ni nani?"

"Mimi muungwana, bwana, si mtumwa, mtoto wa waungwana. Nimeajiriwa tu. Na ushahidi huu hapa." Akaligonga kwa kofi baragumu la kiunoni. "Likilia, atakayesimama ni wetu."

 Sikitu akabana magoti kwa viwiko. Akasema kimoyomoyo, ee Mola, nifunge miguu.

Puuu! Puuu!

Kijiji kimekaa. Hakuna aliyetikisika. Kisha, shaaa! Ungo umeanguka, kunde zimetawanyika. Sikitu wima.

"Yule!" akapiga kelele nokoa. "Na kitoto chake!"

Askari wakasogea. Hapa, ndugu zangu, kila nikisimulia mikono inanitoka jasho. Hatua tatu tu zilibaki wamfikie.

"Ngojeni," akasema Bibi Nalunde. Sauti ndogo, kama anaomba chumvi. "Bwana Afisa, ushahidi ni kusimama tu, hakuna kingine?"

"Hakuna kingine!" akajibu nokoa. "Anayesimama ni mtumwa."

"Haya. Lakini wewe umepiga ukimkodolea macho. Mtu na mtoto wake, kwa nini asishtuke? Apulize bwana afisa mwenyewe. Wewe umetembea siku tatu, mwanangu. Keti kwenye kigoda, unywe uji. Na wewe Sikitu, kaa."

Farjala alikuwa amechoka. Akaketi. Akapewa bakuli la uji. Sikitu naye akarudi chini. Afisa akalichukua baragumu, akafuta mdomo wake kwa leso, akapuliza. Alikuwa hajui. Prrr! Akajaribu tena.

Puuu! Puuu!

Bakuli likaruka. Uji wa moto ukamwagika miguuni pa nokoa, wala hakuangalia chini. Wima. Mikono ubavuni. Macho mbele.

"Tayari, bwana!"

Na mbele yake, Sikitu naye wima. Wakatazamana wawili hao. Kijiji kizima kimekaa.

Afisa akasema polepole, "Uliniambia wewe muungwana."

"Ndiyo, bwana."

"Na umesimama."

Farjala akaitazama miguu yake. "Ni... ni miguu tu, bwana. Miguu ni miguu. Haithibitishi kitu."

"Basi hata ya huyu mwanamke haithibitishi."

Akatupa baragumu mavumbini, akageuka na askari wake. Farjala akabaki nyuma kidogo, uji unakauka vidoleni.

"Kaa, mwanangu," akasema Bibi Nalunde. "Uji bado upo."

Hakukaa. Akaondoka.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja wakasikia, "Hodi. Hodi, jamani."

"Nani?"

"Farjala. Nimekuja kufundishwa kukaa."

Wanaume wakashika mipini ya majembe. Bibi Nalunde akawazuia kwa mkono, akamgeukia Sikitu. "Neno ni lako."

 Sikitu akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Lakini mbali na mwanangu."

Ndiyo maana kijijini kwetu, hata harusini, baragumu likilia sisi hukaa kwanza, ndipo tunapocheza. Wageni wanatucheka. Wacheke.

Sasa nitubu, maana ngano hii nimeisimulia miaka mingi nikisema mimi ni kitukuu cha Sikitu. Nilidanganya. Mimi ni kitukuu cha Farjala, yule nokoa. Niliona haya. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe, hasa ninyi mnaotoka kwa Sikitu, mliokaa kimya mkijua. Mimi wa darasa la nne sina mafundisho marefu. Hili tu: mtu akishtuka na kusimama, usimcheke, na usimshike. Mpe kigoda, umngoje. Hofu iliyofundishwa kwa kiboko haitoki kwa siku moja, nayo imo hata kwa aliyeshika kiboko.

Ngano yangu imekaa hapo. Nanyi mkitaka kusimama, simameni kwa hiari yenu.