Mtungi wa Kwanza wa Nakiete

Nyamazeni, nyie mnaojua kila kitu! Fumbo hili limewatoa jasho hata wavaa majoho. Leo tuone kama vichwa hivyo ni vya kufikiria au vya kuvalia kofia.

Huko milimani walikuwepo watu watatu. Namsifu alijaliwa kutomwogopa mtu. Senkondo, shemeji yake, alijaliwa ubishi: akikwambia mvua hainyeshi, lowa tu, usibishane naye. Wakili Tunu yeye alijaliwa kukumbuka. Ukimsalimia leo, uzeeni atakwambia ulivaa shati gani.

Hao waacheni kwanza. Mwenye shida alikuwa Nakiete, mfinyanzi. Udongo wake, kama wa mama yake na bibi yake, ulitoka chimbo moja tu bondeni. Mara bwana mmoja, Mkwizu, akanunua shamba lililo njiani kwenda chimboni, akazungusha senyenge.

"Nitapita wapi, kaka?" Nakiete akauliza.

"Ruka! Hati ninayo."

Bila chimbo lile Nakiete si mfinyanzi tena. Akaenda mahakamani, akaweka nadhiri: njia ikifunguka, mtungi wa kwanza kutoka motoni atampa aliyeifungua.

Mkwizu akapunga hati yake mbele ya hakimu. Tunu, wakili wa Nakiete, akasimama. "Mheshimiwa, jambo hili si geni. Zamani Senkondo aliziba njia ya chemchemi, Mahakama ya Rufani ikaamuru aifungue." Hakimu akaisoma hukumu ile, akavua miwani, akaivaa tena. Senyenge ikakatwa.

Nakiete akachimba, akafinyanga, akachoma. Mtungi wa kwanza ulikuwa haujapoa, watu watatu hao wameshafika. (Hakimu hakuja. Angepokea mtungi, angeshitakiwa yeye!)

Namsifu akatangulia. "Mwanangu, nilikuwa bibi harusi shemeji huyu alipoziba chemchemi. Wanawake wote walinung'unika jikoni. Mimi nikamshitaki, ukweni wakaninyima hata salamu. Bila mimi, kesi ya kukumbukwa ingetoka wapi?"

Senkondo akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, ulinishinda hapa hapa kwa hakimu mdogo. Ningekubali, yangeishia jikoni kwenu. Nilikata rufaa, nikashindwa. Nikapanda tena, nikashindwa hadi juu kabisa! Na neno la juu ndilo linalomfunga hakimu wa chini. Nisingeshindwa vizuri, leo mngeshinda kwa lipi?"

"Mjomba," Nakiete akasema, "unadai zawadi ya kushindwa?"

"Nani mwingine hapa ameshindwa mpaka Rufani? Mtajeni!"

Wakatafuta wa kumtaja, wakamkosa.

Tunu akakung'uta majivu kwenye sketi yake. "Hukumu yenu ililala usingizi, nani aliiamsha? Na Mkwizu aliposema, 'Ile ilikuwa chemchemi, huu ni udongo,' hakimu alianza kutikisa kichwa kumkubalia. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba hukumu haikulinda maji. Ililinda njia ambayo watu waliitumia kabla ya ua kuwekwa."

Nakiete akaunyanyua mtungi kwa majani ya mgomba, maana bado ulikuwa wa moto. Akamtazama Namsifu, akaona ukweli. Akamtazama Senkondo, akaona ukweli, ingawa ulimkera. Akamtazama Tunu, akauona tena. Chini bondeni wanawake walipita penye senyenge iliyokatwa, makapu kichwani, wanaimba.

"Nikifinyanga mingine miwili?"

"Nadhiri ni wa kwanza," wakajibu wote. Hapo tu ndipo walipopatana!

Wafinyanzi wenzake wakasogea kumsikiliza. Bonde la pili nalo limezungushiwa senyenge, wao pia watahitaji wa kuwasaidia na wa kumshukuru. Atakachoamua Nakiete leo, ndicho watakachodaiwa kesho.

Mtungi unaunguza mikono, jamani. Je, wewe ungemkabidhi nani mtungi huo mikononi? Sema, lakini sema kwa akili: jibu lako tunalishika, na siku yako ikifika tutakuhukumu kwa hilo hilo.