Mwenye Paa Ndiye Mwenye Sufuria

"Weka chini boga hilo, Masumbuko!"

"Siliweki!"

"La watoto hilo!"

"La nyumba!"

"Nyumba haina meno, watoto wanayo. Liweke chini!"

Haya, haya, tuwaache kwanza hao wanaovutana. Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu, na salamu ni haki yenu. Masikio yapo?

*Yapo!*

Yana nafasi?

*Tele!*

Nimwage?

*Mwaga, tukinge!*

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaogopa wakwe kuliko simba, palikuwa na pimbi wawili, mume na mke. Mume aliitwa Masumbuko, mke aliitwa Sikudhani. Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo, kama sungura aliyechelewa siku ya kugawiwa masikio na mkia. Hawa wawili walikaa juu ya mlima wa mawe, katika nyumba nzuri sana. Kuta jiwe, paa jiwe. Mvua ya masika inyeshe wiki nzima, ndani pakavu.

Ila nyumba ilikuwa ya Kiboko.

Mtaniuliza, Kiboko analala majini, nyumba ya mlimani kaipataje? Aliipata hivi. Siku moja alipanda kutoka mtoni, akaegemea mwamba ule, akapiga mwayo, haaaaa! Wote waliouona mdomo ule kwa ndani walikubali kwamba mwamba ni wake.

Akawaambia kina Masumbuko, "Nyumba hii nawauzia. Bei yake maboga sitini. Kila mwezi ukiandama mniletee mawili. Moja la nyumba. La pili la kulainisha koo langu, maana kuhesabu kunanikausha. Mkikosa mwezi mmoja, mnatoka. Na nilichokula nimekula."

Wakakubali. Wangefanyaje? Walikuwa na watoto watano na mawingu yalikuwa yametanda.

Basi kila mwezi ukiandama, maboga mawili yalishuka mlima, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka mtoni. Kiboko akifungua kinywa. Ngabu! La nyumba. Ngabu! La koo. Kisha anazama, chubwi! Hata asante hana.

Ilipopita miezi ishirini, yakabaki maboga arobaini. Na Masumbuko akaanza kukosa usingizi. "Mke wangu," akasema, "deni ni kama kupe. Ukimwacha ananenepa. Tulilipe lote kwa mpigo, tuwe na chetu."

Sikudhani akasema, "Vizuri. Lakini polepole. Na watoto wale, na dari liwe na akiba ya kiangazi, na wewe tukuone."

Masumbuko akasikia ile "vizuri" tu. Mengine yakapita na upepo.

Akaanza kulima. Alfajiri yuko shambani. Adhuhuri yuko shambani. Anakula amesimama, analala ameshika jembe. Maboga ya shamba akayaweka upande wa deni. Maboga ya akiba darini, nayo akayashusha, akayaweka upande wa deni. Watoto walikuwa wanakula boga. Kisha wakala maganda ya boga. Kisha wakala habari za boga.

Siku moja Masumbuko alirudi mchana kuchukua kamba. Mtoto wao wa mwisho, Kidawa, alikuwa anacheza mlangoni. Akamtazama, akamtazama, akakimbilia ndani.

"Mama! Kuna mjomba nje, anatafuta mtu."

Sikudhani alilisikia neno lile likamchoma. Masumbuko alilisikia pia. Akachukua kamba yake, akaondoka.

Sasa tumefika pale kwenye ugomvi. Maboga thelathini na tisa yalikuwa yamepangwa nje. Ndani limebaki moja, lile alilolificha Sikudhani chini ya majani ili apikie watoto. Masumbuko amelivumbua. Yeye anavuta huku, mke anavuta kule.

"Kiangazi kinakuja, baba Kidawa! Dari tupu! Tukipata nyumba tukakosa cha kula, tutakuwa tumejinunulia kaburi zuri!"

"Moja tu, mke wangu. Limebaki moja tu. Leo nalipa, kesho nacheza na watoto."

Sikudhani akaitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa imekonda. Akaliachia boga. Si kwamba alishindwa kuvuta.

Wakateremka nayo yote arobaini, bingiri, bingiri, bingiri, vumbi likatimka. Kiboko akatoa macho juu ya maji.

"Nini hiki?"

"Deni lako, Bwana Kiboko," akasema Masumbuko huku anahema. "Lote. Arobaini. Tumemaliza."

Mngedhani Kiboko atafurahi. Wapi! Alinuna mpaka maji yakatibuka.

"Mmemaliza? Mmemaliza kwa ruhusa ya nani? Mkilipa yote leo, hiyo miezi arobaini iliyobaki koo langu litalainishwa na nani? Mnataka kuniua? Kuna faini ya haraka. Leteni arobaini mengine."

"Faini!" Masumbuko akaruka. "Haikuwamo katika makubaliano!"

"Ilikuwamo. Niliisema."

"Lini?"

"Siku ile ile. Niliisema nikiwa chini ya maji."

Masumbuko akakaa chini kama gunia lililofunguliwa. Sikudhani yeye hakukaa. Alijipangusa vumbi, akasogea ukingoni, akauliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Kwa hiyo, Bwana Kiboko, nyumba bado ni yako?"

"Yangu!"

"Na paa?"

"Paa langu!"

"Na kizingiti, kile tunachokivuka kila siku?"

"Kizingiti changu! Mpaka boga la mwisho, ninyi ni wapita njia."

"Hebu sema kwa nguvu, bwana. Majirani wa ng'ambo hawakusikia."

Kiboko alipenda kusikika. Akajaza kifua. "NYUMBA YANGU! PAA LANGU! KIZINGITI CHANGU!" Kanga wakasikia. Ngiri wakasikia. Nyani juu ya miti wakasikia, na nyani wakisikia jambo, nchi nzima imesikia.

"Ahsante," akasema Sikudhani. "Inuka, baba Kidawa. Sukuma maboga yako, twende."

Hapo niwaambie desturi ya nchi ile. Kule walisema: mwenye paa ndiye mwenye sufuria. Mgeni akifika, au harusi, au msiba, haulizwi anayelala ndani. Anaulizwa mwenye paa. Yeye ndiye alishaye. Akikataa, anatengwa: haamkiwi, hazikwi, hata kunguru hamwambii habari. Kiboko aliijua desturi hiyo. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumtembelea, hivyo aliiona kama desturi ya watu wengine.

Siku ya tatu, hodi! Ni Shangazi Zawena, dada yake baba yake Masumbuko, na watoto kumi na mmoja.

"Karibu, shangazi," akasema Sikudhani. "Malazi yapo. Ila nyumba si yetu, mwenye paa yuko mtoni. Kamwamkieni."

Tititititi! Wote kumi na wawili wakateremka.

"Shikamoo, mwenye paa!"

Kiboko akageuka nyuma kuona anaamkiwa nani. Ni yeye. Akavimba kwa raha. "Marahaba!"

"Tumekuja kukaa wiki. Hatujala tangu jana."

Kiboko akacheka. Vijitu vyenyewe vidogo hivi, vitakula nini? Kando ya mto alikuwa na lundo lake, maboga mia ya riba kutoka kwa wadeni wote wa nchi. Akawasukumia mawili. Pimbi ni mdogo, lakini tumbo lake halina habari. Wiki ilipokwisha walikuwa wamekula ishirini.

Wakaondoka, wakaenda kusimulia huko kwao. Baada ya siku mbili, hodi! Ni kamati ya harusi. Binti mkubwa wa shangazi anaolewa.

"Mwenye paa yuko mtoni," akasema Sikudhani.

Tititititi!

"Shikamoo, mwenye paa! Tumekuchagua uwe mwenyekiti wa heshima."

"Mwenyekiti wa heshima hutoa nini?" akauliza Kiboko. Safari hii hakuvimba sana.

"Hutoa hotuba tu."

"Alaa, hotuba!" Akapumua.

"Na maboga thelathini."

Akatoa. Angekataa, wangemtenga. Hotuba yenyewe hakupewa nafasi ya kuisema, maana ngoma ilikuwa imeshaanza.

Masumbuko akawa na wasiwasi. "Mke wangu, hii si dhambi?"

"Dhambi ipi? Mimi naelekeza wageni njia."

"Na sisi kwenda kula huko pamoja nao?"

"Sisi ni wapita njia. Kasema mwenyewe."

Siku zile Masumbuko hakuwa na la kufanya shambani, basi alikaa mlangoni na Kidawa mapajani, akimhesabia vidole. Alishangaa kukuta mtoto ana meno mawili mapya.

Harusi haijapoa, ukaja msiba. Alikuwa amekufa babu mmoja wa upande wa mbali. Kusema kweli alikufa misimu miwili nyuma, ila matanga yake yalikuwa yanasubiri mahali penye chakula. Wakaja pimbi wa milima mitatu, na mikeka, na vichanga migongoni, na wakwe, na wakwe wa wakwe. Wakajaa chini ya paa la Kiboko mpaka wengine wakalala nje wameshika ukuta.

Asubuhi wakateremka mtoni kulia. "Ng'weee! Ng'weee! Pole, mwenye paa!" Wakapewa boga. Adhuhuri wakateremka tena. "Ng'weee! Pole, mwenye paa! Uji uko wapi?" Wakapewa boga. Magharibi, "Ng'weee!" Kiboko akizama, wanamsubiri. Akiibuka, "Pole!" Hata kuoga kukamshinda, maana mwenye msiba haogi akacheka, na yeye maji yanamtekenya.

Siku ya kumi, lundo limekuwa kijilundo. Siku ya kumi na mbili, pamebaki vikonyo.

Kiboko akapanda mlima. Ndi! Ndi! Ndi! Mwili haukuingia mlangoni, akaingiza kichwa.

"Sikudhani! Leteni yale arobaini."

"Ya nini tena, bwana?"

"Mmalize deni. Leo. Sasa hivi."

"Haraka ya nini?" Sikudhani akaendelea kufagia. "Na faini ya haraka hatuna."

"Nimeifuta!"

"Lini? Hatukusikia."

"Niliifuta... chini ya maji."

"Ah. Hata hivyo, bwana, tumezoea. Miezi arobaini si mingi. Halafu wiki ijayo tuna jando la watoto tisa, ngariba atafikia kwako."

"Thelathini!" akasema Kiboko. "Leteni thelathini tuachane."

"Na wale wa upande wa mama yangu bado hawajaja."

"Ishirini! Ishirini tu, na la koo sitaki!"

Masumbuko akafungua kinywa kusema ndiyo. Sikudhani akamkanyaga mguu.

"Mume wangu anaona haya," akasema. "Nyumba ya watu kuichukua kwa ishirini wakati deni ni arobaini! Itakuwa tumekudhulumu."

"Nidhulumuni!" Kiboko akalia, machozi yanamdondoka puani. "Nawaombeni, jamani, nidhulumuni!"

"Basi tangaza."

Akatoa kichwa, akageukia bonde, akanguruma. "NYUMBA SI YANGU! PAA SI LANGU! KIZINGITI SIKIJUI!" Nyani wakasikia.

Maboga ishirini yakateremka, bingiri, bingiri, bingiri. Ngabu, ngabu, mpaka yakaisha, palepale, kwa hasira. Ishirini yaliyobaki, kumi na tisa yakapanda darini kusubiri kiangazi. Moja Sikudhani akalipika na karanga, sufuria nzima, na Masumbuko akala ameketi.

Hapo nimekunja mkeka wa hadithi. Mmeshiba?

*Tumeshiba!*

Mikono mmenawa?

*Bado fundisho!*

Fundisho ni hili, watoto wazuri. Mkubwa hakosei. Deni lisilipwe mapema, maana mwenye kudai naye ana koo. Usibishane na masharti, hata yaliyosemwa chini ya maji. Na zaidi ya yote, mgeni ni baraka. Awe nani, mfungulie, mlishe, na usimuulize anaondoka lini.

Mnacheka nini? Fundisho ndilo hilo. Eti Sikudhani alilifuata? Sikudhani siku hiyo ya fundisho hakuwapo, alikuwa na kazi. Maana kesho yake tu, Kiboko aliamka na njaa, akatazama vikonyo vyake, akakumbuka desturi ya nchi. Akapanda mlima, ndi, ndi, ndi, akabisha kwa pua.

"Hodi, wenye paa! Ni mimi, mgeni. Sufuria iko wapi?"

Sikudhani akafungua mlango. Akamtazama kutoka kichwani mpaka palipoishia kivuli chake, akamnyoshea jembe lenye mpini mrefu kuliko yeye mwenyewe, akasema, "Karibu sana, Bwana Kiboko, pokea. Nyumba hii wageni tunaanza kuwahesabia siku ya tatu."