Ndevu za Bwana Haskeli

Kinyozi Jetro aliingia Kalifonia enzi watu walipokimbilia dhahabu, mali yake wembe na punda. Punda akanywa maji mtoni. Bwana Haskeli, mwenye mto, akamkamata.

"Niletee dhahabu kufikia Jumamosi, la sivyo punda ni wangu. Na mchanga wangu wenye dhahabu usiuguse."

"Sawa, mzee. Basi niwanyoe wachimbaji wako bure, kabla sijaondoka."

"Bure? Anza na mimi, mpumbavu wewe."

Jetro akanyoa huku akiimba, akazizoa ndevu zote guniani.

Jumamosi akamwekea Haskeli punje za dhahabu mezani.

"Umechimba wapi, mwizi?"

"Sijachimba, mzee. Mkiosha mchanga mnajifuta mikono ndevuni, nami nimeziosha ndevu. Hii punje kubwa ilikuwa kwenye zako."