Jicho la Mbuni na Sahihi ya Bosi

Hivi wewe, umehitimu juzi, uzoefu wa miaka kumi wa kufuga mbuni ungeutoa wapi? Ndio aliodaiwa Nasieku na tangazo la kazi lililobandikwa getini kwa Bosi Lempaka, mwenye shamba la mbuni.

"Digrii si experience, dada!"

"Sawa, bosi. Ila unajua jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake?"

"Uongo! Thibitisha bila kunichinjia mbuni, nakuajiri leo."

"Ahadi ya mdomo siitaki. Niandike kabisa." Nasieku akampa karatasi.

Bosi aliikodolea macho juu mpaka chini, akasaini kwa mbwembwe. "Haya, thibitisha!"

"Nilisema niandike kazi, sikusema niandikie ahadi. Umesaini barua yangu ya kazi."

"Lakini nimeiangalia!"

"Kwa macho ya mbuni, bosi. Sasa lile tangazo la miaka kumi, kalibandue mwenyewe!"