Bi Siwema na Maini ya Wanaume

Paukwa!

Pakawa!

Nyie, mbona mnaitikia kama mna usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji ambako wajawazito walikufa sana. Mimba inakua, mama anapauka. Siku ya kujifungua damu inamtoka kidogo tu, na ya kubakiza hana. Watu wakazika, wakasema mkosi, wakarudi shambani.

Bi Siwema naye alimzika bintiye Riziki, aliyekufa vivyo hivyo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha Mashavu, binti wa pekee aliyebaki, akashika mimba. Punde midomo ikampauka, akisimama anashika ukuta. Bi Siwema akaingiwa na hofu kubwa. Akafuta machozi, akatwaa fimbo yake. Ko, ko, ko! Akaenda nyumba hadi nyumba.

"Mwanangu, ulipokuwa na mimba ulikula nini?"

Walimcheka. Walimwita mdaku, mpekuzi wa vyungu vya watu. Wala hakujali, bibi yule. Ko, ko, ko! Ulikula nini? Ko, ko, ko! Ulikula nini? Wote jibu moja: ugali na mchuzi mwepesi. Akichinjwa mbuzi, maini ni ya wanaume. Mjamzito kuyala ni mwiko, ati mtoto atazaliwa na madoa.

Mpaka akafika kwa Chausiku, mama wa watoto tele, mwenye afya yake. Chausiku akachungulia nje kwanza.

"Bibi, usinitangaze. Maini yanamtia mume wangu kichefuchefu, huniambia nimpe paka. Basi huyala mimi, jikoni, mlango nimeufunga."

"Na watoto wana madoa?"

"Hata la dawa, bibi."

Bi Siwema hakukimbilia kushangilia. Mtu mmoja hakumtosha. Akazunguka tena, safari hii akiuliza kwa kunong'ona, na wengine wakafunguka. Waliokula kwa kujificha, wote walijifungua salama.

Ndipo akawaendea wanaume penye moto wa nyama, akanyoosha sahani. Jumbe, mkuu wa kijiji, akamkumbusha mwiko.

"Jumbe, mkeo alikufa na mimba," akasema Bi Siwema. "Nani alimuuliza alikula nini?"

Jumbe akainama. Kisha akayatia maini yote kwenye sahani kwa mkono wake.

Tangu siku ile maini yakawa ya wajawazito. Mashavu akapata rangi, akajifungua, vigelegele vikasikika hadi mtoni! Akamwambia mama yake sasa apumzike, kazi imekwisha.

"Mwanangu, zamani nikimkumbuka dada yako nilijilaza nikalia. Siku hizi nikimkumbuka nainuka. Niache niende, wapo ambao bado hawajaulizwa."

Ko, ko, ko! Huyoo, kijiji cha pili.

Basi wanangu, mwanamke akiugua msiseme mkosi. Muulizeni, mkae mumsikilize. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyejua mama yake alipitia nini siku ya kumzaa, ainuke sasa hivi akamuulize.