Kamera ya Pimbi na Uso wa Kiboko

Nina uongo mkononi, niufungue nisiufungue?
— Ufungue.
Ukiruka, mtaushika?
— Tutaushika.
Basi sogeeni.

Palikuwa na Bi Pimbi, mkazi wa majabali, na kazi yake ilikuwa kupiga picha. Mnyama akizaa, Bi Pimbi anaitwa. Mnyama akioa, Bi Pimbi anaitwa. Na mnyama akifa, wenziwe huja majabalini kuitazama sura yake, wakakaa nayo kidogo, wakaenda zao.

Kamera yake ilikuwa moja ya zile ndogo, nyepesi, zisizo na kioo cha kuakisi ndani, nayo ilikuwa imezeeka. Betri ilikata pumzi kabla jua halijasimama. Pakiwa na kivuli, picha ilitoka chenga tupu.

Siku moja watoto wa Bibi Paa wakamwita. Mama yao alikuwa hajiwezi tena, hatoki kichakani, na humo mwanga ni hafifu. Bi Pimbi akapiga, kacha. Chenga tupu. Akapiga tena, kacha. Chenga tupu. Bibi Paa akaitazama picha, akauliza taratibu, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Neno hilo lilimchoma Pimbi. Akashika njia kwenda mtoni kwa Kiboko.

Kiboko alikuwa na kamera za kila namna, alizojirundikia kwa kubadilishana na wenye shida. Tabia yake ilijulikana: akiona umekipenda kitu, anakudai mpaka malisho yako. Ngiri alipenda lenzi moja tu, na tangu hapo hana pa kulisha wanawe.

Pimbi akazitazama kamera kwa macho, asiguse. Ile kubwa ilikuwa na lenzi kama shina la mgomba. Angeibeba na nani? Ya pili ilikuwa na vitufe vingi kuliko vidole vyake. Ya tatu ilikuwa ndogo, imewekwa pembeni, na lenzi yake ilikuwa na jicho pana la kunywa mwanga. Moyo ukamdunda, du, du, du. Akageuza uso haraka.

"Mjomba," akasema, "kamera haichaguliwi kwa kuambiwa. Nikupige picha kwa kila moja, tuone ipi inakujua."

Kiboko alipenda sana kutazamwa. Akakaa kivulini, akanyoosha shingo asiyokuwa nayo.

Pimbi akapiga kwa ile kubwa, kacha. Chunjua zikaonekana, moja moja. Kiboko hakupenda. Akapiga kwa yenye vitufe, kacha. Jino lililomeguka likaonekana, na jani la jana limenasa humo. Kiboko hakupenda. Akapiga kwa ile ndogo, kacha, palepale kivulini. Kila kunyanzi likaonekana, na machoni ukaonekana upweke wa mnyama asiyetembelewa ila na mwenye shida. Kiboko akaigeuza picha, uso chini. Kisha akasema hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwisho Pimbi akatoa yake kuukuu. Kacha. Chenga zikamfunika Kiboko, ngozi ikalainika kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo.

"Hii ndiyo inayonijua. Niachie."

"Siwezi, mjomba. Nimekula nayo miaka."

Na hapo hakuwa akidanganya.

Kiboko akamsihi. Akamwambia achukue yoyote aitakayo, na malisho yake abaki nayo. Pimbi akaguna, akafikiri, akaguna tena. Halafu akainyooshea kidole ile mbaya, akisema si vizuri kumwachia mjomba kitu kinachomuudhi. Kiboko akamshukuru.

Jua lilikuwa likiteremka Pimbi alipofika kichakani. Kacha. Bibi Paa akaishika picha, akaisogeza karibu, akaiweka mbali.

"Kumbe nimefanana na mama yangu," akasema.

Akaomba wasiichukue. Ikakaa naye mpaka alipoaga dunia.

Pimbi naye, kwa siku nyingi, kidole chake kilitafuta kitufe mahali ambapo hakipo tena.

Hadithi imefika kwao, nami nafika kwangu. Funzo lake, wenzangu, ni hili: asije mtu akawashawishi mkatamani kipya. Cha zamani ndicho kizuri. Mwulizeni Kiboko, mpaka leo hajapata picha mbaya.